Kibeho: Bwalo la Shule Lililozaa Hija

Kila Novemba 28, Kibeho, kijiji kidogo juu ya vilima vya Nyaruguru kusini mwa Rwanda, hufurika wahujaji. Wengine hufika kwa miguu, rozari mkononi, na wakirudi nyumbani hubeba dumu la maji ya chemchemi iliyoko bondeni.

Tarehe hiyo, mwaka 1981, saa 6:35 mchana, Alphonsine Mumureke, mwanafunzi wa miaka 16, alikuwa akiwahudumia wenzake bwaloni aliposikia sauti ikimwita. Aliyemtokea alijitaja kwa Kinyarwanda kuwa Nyina wa Jambo, yaani Mama wa Neno.

Shule nzima ilimcheka. Msichana mwenyewe ametoka Kibungo, upande ambao watu waliuhusisha na uchawi. Basi wakasema kaja na mambo ya kwao. Aliyewatangulia wote kwa kejeli alikuwa Marie Claire Mukangango, binti wa miaka 21, mwenye ulimi mkali. Alphonsine alipozama katika maono, wenzake walimdunga sindano na kumsogezea kiberiti kilichowaka, waone kama atashtuka. Hakushtuka. Januari 1982 Nathalie Mukamazimpaka naye akaona. Bado walibisha. Kisha, Machi 2, zamu ikamfikia Marie Claire mwenyewe! Na ni yeye, yule mdhihaki, aliyekabidhiwa kazi ya kuieneza Rozari ya Mateso Saba. Katika habari yote ya Kibeho, hakuna kinachonigusa kama hicho.

Agosti mwaka huo wasichana walilia hadharani kwa saa nyingi, wakisimulia damu na maiti zisizo na wa kuzizika. Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari, Watutsi waliokimbilia kanisa la parokia waliuawa humo humo. Mwaka uliofuata wakimbizi wa ndani wakauawa na wanajeshi katika kambi ya hapo hapo. Marie Claire hakunusurika miaka ile.

Juni 29, 2001, Askofu Augustin Misago wa Gikongoro aliyatambua maono ya wasichana hao watatu tu, ingawa waliodai kuona walikuwa wengi. Hakuna mahali pengine Afrika ambapo Kanisa Katoliki limetambua matokeo ya Bikira Maria namna hiyo.

Hata hivyo watoto wetu wa katekisimu wanamjua Bernadette wa Lourdes, Marie Claire hawamjui. Tunadunduliza miaka kwa ajili ya tiketi ya ndege ya kwenda Ulaya, na kutoka Rusumo, mpakani mwa Tanzania na Rwanda, hadi Kibeho ni safari ya basi ya siku moja.