Noeli: zawadi gani itafurahisha wajukuu?

Kila mwezi wa kumi na mbili, masoko ya Bukavu, Goma, Uvira na Butembo yanajaa vitu vya plastiki vya kuchezea: magari, pupe, simu zenye kulia. Babu na bibi wengi wanajikaza kununua kimoja, na tarehe 26 desemba kimekwisha vunjika. Na mwezi wa kwanza, watoto wanaporudi masomo, kaye na minerval ya wale wa sekondari vinangojea pesa ileile. Ndiyo sababu inafaa kuchagua vizuri.

Angalia kwanza anavyocheza

Mtoto anayefunga mifuko na kamba kwa kutengeneza mpira amekwisha kuonyesha kitu anapenda. Anayebeba kopo mgongoni sawa mama na mtoto, naye vilevile. Kama wajukuu wanakaa mbali, uliza mama yao mbele ya kununua, hasa kipimo cha nguo na viatu.

Kufuatana na miaka

Chini ya miaka 3: kitu kisichoweza kuingia kinywani. Mpira laini, vikombe vya kupanga, pupe ya mabaki ya kikwembe. Macho ya pupe uyashone na uzi, usitie vifungo.

Miaka 3 hadi 6: kalamu za rangi na kaye ya kuchora, gari ya mti ya kuvuta na kamba.

Miaka 7 hadi 11: mpira wa kweli, kamba ya kuruka, mchezo wa kisoro, ao chukudu ndogo. Seremala wa mtaa anaweza kuitengeneza. Itumike ndani ya kiwanja, si kwenye balabala ya magari.

Miaka 12 na zaidi: hawa hawataki tena kuitwa watoto. Waulize. Mara nyingi ni nguo waliyochagua wenyewe, ao kitu cha kujifunza kazi, kama vile sindano na uzi wa kufuma.

Vitu vya kuepuka

Vile vyenye betri ndogo ya duara, sawa kifungo cha shati. Mtoto akiimeza, inaweza kumuunguza koo ndani ya saa mbili tu. Akiimeza, mpeleke hospitali palepale, usingoje.

Bunduki ya plastiki pia tuiache. Kwetu huku, usiku, mtu mwenye silaha hawezi kujua kama ile ya mtoto ni ya mchezo.

Watoto wote wa nyumba

Nyumba nyingi zinalea wajukuu pamoja na yatima ao watoto wa ndugu waliokimbia vita. Mmoja akipata na mwingine akakosa, Noeli inageuka machozi, na yule aliyekosa atakumbuka miaka mingi. Pesa isipotosha, nunua mpira mmoja wa wote na useme wazi mbele yao kwamba ni wa wote.

Mimi, koko yangu hakuwa na franka. Siku ya Noeli alituketisha kandokando ya moto, akamwita kila mmoja kwa jina na kumpatia hadithi yake peke yake. Gari nililopata mwaka mwingine nimekwisha sahau rangi yake. Ile hadithi, leo ninawasimulia watoto wangu.