Mikono Iliyoushona Mtepe



Harusi za kwetu visiwani hazikamiliki bila ya mkeka. Bibi harusi hukalishwa juu yake anapopakwa hina na kusingwa, na wenye kusifu husifu rangi za ukindu na ufundi wa mshono. Lakini ni wachache kati yetu wanaojua kwamba ufundi huohuo wa kusuka na kushona ndio uliowahi kuvusha mizigo na watu katika bahari hii yetu. Zamani kilikuwapo chombo kilichofungwa kwa kamba na kusukumwa na tanga la mkeka. Jina lake ni mtepe.

Mtepe haukupigwa misumari. Fundi alitoboa matundu kwa keekee ukingoni mwa kila ubao, kisha mbao zikashonwa kwa kamba ya nazi, na matundu yakazibwa kwa vijiti vya mti. Ni ufundi mkongwe sana katika mwambao wetu. Kitabu cha Wagiriki kiitwacho Periplus, cha karne ya kwanza, kinautaja mji wa Rhapta katika pwani hii, na kinasema jina lake lilitokana na vyombo vya kushonwa vilivyokuwa pale. Hadi miaka ya 1930 bado mitepe ya visiwa vya Lamu ilionekana ikisafiri. Baada ya hapo ikatoweka.

Sababu ya kudumu kwake kwa muda mrefu hivyo haikuwa ujinga wa misumari. Majahazi ya misumari yalikuwa yakipita mbele ya macho ya watu hao kwa karne nyingi. Chuma kilinunuliwa kwa fedha, na minazi ilikuwepo nyumbani. Tena chombo cha kushonwa hulegea kidogo kinapogusa mchanga au mwamba, mahali ambapo chombo kigumu kingepasuka. Ubaya wake ni kwamba kilivuja, na mabaharia walikuwa na kazi isiyokwisha ya kufua maji.

Mzigo mkubwa wa mitepe ya mwisho ulikuwa boriti za mikoko, zilizokatwa Lamu na kuletwa Unguja. Dada zetu mliokulia Mji Mkongwe mnajua vyumba vyake vilivyo virefu na vyembamba. Upana ule umepimwa na urefu wa boriti zinazobeba dari. Kwa hiyo chumba alichoingizwa bibi harusi wa zamani, kwa namna fulani, kilikuja na bahari.

Sasa tuitazame kamba yenyewe, maana hapa ndipo bibi zetu wanapoingia katika historia hii.

Katika vijiji vya pwani ya mashariki ya Unguja, kama Paje, Bwejuu na Jambiani, kazi ya makumbi imekuwa mikononi mwa wanawake kwa vizazi. Makumbi ya nazi hufukiwa ufukweni, mahali maji yanapojaa na kutoka, yakazungushiwa mawe ili yasichukuliwe. Hukaa humo miezi kadhaa mpaka yaoze na kulainika. Kisha wanawake huyafukua maji yakitoka, huyaponda kwa rungu mpaka nyuzi zitengane, huziosha, huzianika, na mwisho huzisokota kwa viganja. Nyuzi hizo ndizo usumba. Maji ya chumvi yanayoharibu kamba nyingine, usumba umeshayazoea tangu ulipokuwa mchangani.

Kamba hizo zilifunga mengi zaidi ya vyombo. Zilifunga boma za nyumba na paa za makuti, na zilivutwa kwenye kile kitanda tunachokiita teremka tukaze, kwa kuwa kamba zikilegea mtu huteremka zikazwe upya. Mtepe nao ulikuwa hivyohivyo. Kamba zake zilichoka, na chombo kikashonwa tena. Mbao zilidumu, ila uhai wa chombo ulitegemea kamba mpya, na kamba mpya zilitegemea mtu aliyeyafukia makumbi miezi mingi kabla.

Tanga nalo lilikuwa la mkeka, la pembe nne. Kila aliyesuka anajua njia yake: majani hukaushwa, huchanwa, husukwa ukili mrefu, kisha ukili hushonwa ubavu kwa ubavu mpaka upate upana unaoutaka. Ukindu laini huenda kwenye mikeka ya kulalia na ya sherehe, na miyaa migumu huenda kwenye majamvi na makanda. Kazi ya ukili visiwani ni ya wanawake. Mama anayemfundisha bintiye kuunga ukili bila ya mshono kuonekana anamfundisha elimu ileile iliyoshika upepo wa kaskazi na kusi.

Wazee wa Lamu walikuwa na imani nzuri juu ya mtepe. Omo yake ilinyanyuka mbele kama shingo, na ilisemwa kuwa ni mfano wa kichwa cha ngamia wa Mtume, rehema na amani zimshukie. Nasi tunakumbuka kwamba Sura ya 54, Al-Qamar, inaitaja safina ya Nabii Nuh kwa mbao zake na kile kilichozifunga. Wafasiri wengi wamelieleza neno la Kiarabu lililotumika pale kuwa ni misumari, na katika maana zake za lugha imo pia kamba ya nyuzi inayofungia mbao. Kwa watu waliokuwa wakipanda vyombo vya kushonwa, maana hiyo ya pili haikuwa ngeni hata kidogo.

Je, mtu akitaka kuuona mtepe leo atauona wapi? Makumbusho ya Lamu yanahifadhi mifano midogo ya vyombo vya kule. Na Unguja, mwaka 2003, ulijengwa mtepe wa ukubwa kamili, ukaitwa Shungwaya na kuwekwa uani mwa Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883. Vizazi ambavyo havikuwahi kuuona ukielea viliweza angalau kusimama chini yake na kuhesabu mishono.

Kisha tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya jumba hilo ikaporomoka, na watu wawili wakafariki. Mwenyezi Mungu awarehemu. Siku ile wengi wetu tulilia jengo. Lakini jengo lina michoro na picha, na mafundi wanaweza kulisimamisha tena. Elimu ya kamba haina mchoro. Imo katika viganja vya wanawake wazee, na kila mwaka viganja hivyo vinapungua. Kamba ya nailoni imejaa madukani, ni rahisi na haichubui mikono, na hatuwezi kumlaumu binti anayechagua kazi nyingine badala ya kuponda makumbi kwenye jua.

Wenzetu wa Oman wametuonyesha kuwa kilichokatika kinaweza kuungwa. Mwaka 1980 chombo cha kushonwa kiitwacho Sohar, kilichojengwa Sur, kilitoka Muscat na mwaka uliofuata kikafika China. Kamba zake zilibidi zitafutwe mpaka visiwa vya Lakshadweep vya India. Mwaka 2010 kingine, Jewel of Muscat, kilisafiri kutoka Oman hadi Singapore. Kilijengwa kwa kufuata chombo cha karne ya 9 kilichogunduliwa chini ya bahari ya Indonesia mwaka 1998. Safari zote mbili zilihitaji nahodha na seremala, na zilihitaji vilevile mtu aliyejua kutengeneza kamba ya kweli. Bila ya huyo wa mwisho, mbao zingebaki mbao.

Ndiyo maana tunapenda kuona jambo moja katika makumbusho zetu. Ukiingia penye vitu vya bahari, utaonyeshwa tezo ya fundi, keekee, nanga na bildi ya kupimia kina. Hivyo ni vya wanaume, na vinastahiki kuhifadhiwa. Tungependa kando yake liwekwe rungu la kupondea makumbi, fungu la usumba, na ukili uliokatishwa katikati ili mtazamaji aone unavyoungwa. Na maelezo yake yaandikwe kwa maneno ya wenyewe wanaofanya kazi hiyo.

Hatuna haja ya kusubiri makumbusho kuanza. Dada unayejiandaa kwa harusi, mkeka wako ununue kwa msukaji mwenyewe kama unaweza kumfikia, na umpe bei inayolingana na siku alizoutumia. Muulize jina la kila mtindo wa ukili, alifundishwa na nani, na nani anamfundisha yeye. Mwenye bibi aliyewahi kupiga makumbi amrekodi kwenye simu akieleza, kwa sauti yake na kwa lahaja yake, yafukiwe wapi na kwa muda gani, na ajue vipi kuwa yameiva. Dakika kumi zinatosha kwa kuanzia. Bibi huyo anajua jambo ambalo mtepe ule wote, kwa ukubwa wake, hauwezi kulisema.

Mola awarehemu waliotangulia, na awape afya waliobaki.