Ndege wa Audubon: Kutoka Rangi za Maji hadi Bamba la Shaba

The Birds of America, kazi iliyotolewa kwa mafungu kati ya 1827 na 1838, ina picha 435 za ndege wa Amerika Kaskazini, zote zikiwa zimepakwa rangi kwa mkono. Mchoraji wake, John James Audubon, alitumia zaidi rangi za maji, pamoja na penseli na chaki za rangi, na akashikilia kwamba kila ndege aonekane kwa ukubwa wake halisi. Kwa hiyo karatasi zilikaribia urefu wa mita moja. Hata hivyo heroe alilazimika kuinamishwa shingo ndipo akaenea.

Uchapaji ulianza Edinburgh kwa William Lizars. Baada ya mabamba kumi tu, wapaka rangi wake waligoma, na Audubon akaihamishia kazi London kwa Robert Havell.

Havell ndiye aliyeipa kazi hiyo uhai. Mistari ya mchoro ilichongwa kwanza kwenye bamba la shaba. Kisha bamba lilinyunyiziwa unga wa utomvu mkavu na kupashwa moto hadi chembe zikashika. Lilipotiwa tindikali, shaba ililika katikati ya chembe hizo, na sehemu za kubaki nyeupe zilikingwa kwa vanishi. Kadiri tindikali ilivyokawia, ndivyo kivuli kilivyokolea. Bamba lililopakwa wino lilikandamizwa kwenye karatasi yenye unyevu, likaacha vivuli laini kama vya brashi iliyolowa.

Picha hiyo bado haikuwa na rangi. Wapaka rangi waligawana kazi, huyu akiweka rangi moja na yule nyingine, wakifuata nakala ya mfano, kwa makumi ya maelfu ya karatasi. Majina ya mchoraji na mchongaji yamechapwa chini ya picha. Ya wapaka rangi hayamo, ingawa wekundu wa heroe yule ni kazi ya mikono yao. Wanastahili kutajwa kama washirika kamili.

Toleo dogo la 1840 hadi 1844, lililochapwa Philadelphia kwa mawe, nalo lilipakwa kwa mkono. Lile la 1858 lilichapwa likiwa tayari na rangi. Mwaka 1863 mjane wa Audubon, Lucy, aliiuzia New-York Historical Society michoro ya asili, na ingalipo huko. Mabamba mengi ya shaba yaliuzwa kama chuma chakavu, yakayeyushwa.