Anton Pieck: Mwalimu aliyechora zamani mpaka watu wakaingia ndani yake

Barabara za mawe, theluji juu ya mapaa, vioo vya duka vyenye mwanga wa taa na gari la farasi likipita. Ukikutana na picha ya aina hiyo kwenye kalenda au kadi ya Krismasi, huenda ni ya Anton Pieck, mchoraji wa Uholanzi.

Pieck alizaliwa Aprili 19, 1895 mjini Den Helder. Kuanzia 1920 hadi 1960 alikuwa mwalimu wa kuchora katika shule ya Kennemer Lyceum, karibu na Haarlem. Wakati huohuo alichora picha za vitabu, zikiwemo za hadithi za ndugu Grimm na za Alfu Lela Ulela. Kabla ya kazi hiyo ya pili, mwaka 1937, alisafiri hadi Morocco.

Wapo waliosema picha zake ni tamu kupita kiasi na hazina ukweli wa maisha. Watu wa kawaida hawakujali, walizitundika ukutani.

Mapacha wawili

Anton alikuwa na pacha wake, Henri, naye mchoraji. Wakati wa Vita Kuu ya Pili Henri alikamatwa na Wajerumani na kupelekwa kambi ya Buchenwald. Huko aliwachora wafungwa wenzake, akatoka hai, na michoro hiyo ikachapishwa baada ya vita. Mmoja alichora mateso aliyoyaona kwa macho, mwingine mitaa ya amani iliyokwisha kutoweka.

Msitu wa hadithi

Mwaka 1952, miaka saba tu baada ya vita, bustani ya Efteling huko Kaatsheuvel ilifungua msitu wa hadithi uliobuniwa na Pieck. Peter Reijnders alishughulikia mitambo. Mmoja wa wahusika ni mtumishi mwenye shingo ndefu inayopanda na kushuka.

Pieck alikubali kazi hiyo kwa sharti moja: majengo yatumie vifaa halisi, siyo maboksi ya maigizo. Ndiyo maana hadi leo watoto wanagusa kuta zilizoanzia kwenye karatasi yake.

Alifariki Novemba 24, 1987 akiwa na miaka 92. Kazi zake zinaonyeshwa katika makumbusho yenye jina lake mjini Hattem.