Mtoto wa Kawajense anakwenda kubembea wapi?

Wadau, leo naomba tuache siasa kidogo. Kuna swali linaloonekana dogo, lakini kila mzazi, mjomba au shangazi analijua. Ni Jumapili au ni sikukuu, mtoto wa miaka minne kashavaa viatu vipya, anakuangalia usoni, anataka kujua leo anapelekwa wapi. Ukiwa Dar majibu yapo mengi, tena mengine yanatisha mfuko. Je, ukiwa Kawajense, kata ya Manispaa ya Mpanda kule Katavi? Mtoto unampeleka wapi?

Wengi watasema haraka haraka: Mpanda hakuna bustani ya michezo, basi habari imeishia hapo. Mimi nasema hapana, habari ndiyo kwanza inaanza. Siku ya mtoto kutolewa out ina historia, na ukiifuatilia unagundua kuwa si historia ya mashine. Ni historia ya kiwanja. Ngoja nianzie mbali kidogo.

Tumezoeshwa kuamini kuwa bembea kubwa na bustani za michezo ni uvumbuzi wa Marekani. Ni kweli kwamba mwaka 1893, kwenye maonyesho makubwa ya dunia mjini Chicago, mhandisi George Ferris alisimamisha gurudumu la chuma lenye urefu wa mita 80 hivi. Lilikuwa na vibanda 36, na kila kimoja kilibeba watu 60. Nauli ilikuwa senti 50 kwa mizunguko miwili. Hadi leo Wazungu huyaita magurudumu ya aina hiyo kwa jina lake.

Lakini miaka 273 kabla ya hapo, yaani mwaka 1620, msafiri Mwingereza aitwaye Peter Mundy alipita katika mji ambao leo ni Plovdiv, Bulgaria. Wakati huo nchi hiyo ilikuwa chini ya dola ya Waturuki. Akakuta watu wanasherehekea, na katika maelezo yake akaandika habari za bembea za aina kadhaa. Mojawapo ilikuwa gurudumu la kuzungushwa lenye viti vidogo vya watoto, wanapanda juu na kushuka chini huku wamekaa wima. Sherehe yenyewe ilikuwa nini? Ilikuwa sikukuu ya Idi!

Msomaji uliyekulia pwani utakuwa umeanza kutabasamu. Maana hiyo picha ya 1620 unaijua vizuri. Ni Mnazi Mmoja ya Unguja siku za Idi, na ni Mnazi Mmoja ya Dar es Salaam pia. Mtoto kashapewa mkono wa Idi, sarafu zimefungwa kwenye kitambaa, nguo mpya ya dukani, ubuyu mkononi, anapanga foleni kupanda bembea inayosukumwa na vijana kwa nguvu za mikono. Hakuna geti wala tiketi ya siku nzima. Unalipa kila unapopanda, pesa zikiisha unabaki kuangalia wenzako, na kuangalia nako ni starehe.

Sasa tujiulize, ule uwanja wa Mnazi Mmoja wa Dar ulitoka wapi? Haukuachwa wazi kwa sababu kuna mtu aliwapenda watoto wetu. Wakoloni waliugawa mji kwa rangi za watu: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Katikati ya Uhindini na Kariakoo wakaacha ukanda mtupu ili kuwatenganisha watu. Ulikuwa mpaka, tena mpaka wa ubaguzi. Watoto wakaufanya uwanja wa sikukuu, na wazazi wao wakaufanya uwanja wa siasa. TANU yenyewe ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954 hatua chache tu kutoka hapo, kwenye mtaa ambao leo unaitwa Lumumba.

Hiyo Julai 1954 ina kituko chake. Mwezi huo huo TANU inazaliwa, kule California Walt Disney alikuwa anaanza kung'oa michungwa ili ajenge bustani yake. Ilifunguliwa tarehe 17 Julai 1955 kwa jina la Disneyland. Mwenyewe alikuwa akisimulia kuwa wazo lilimjia akiwa amekaa kwenye benchi la bustani ya umma mjini Los Angeles, anawaangalia binti zake wakizunguka kwenye bembea, yeye hana la kufanya. Akaona pawepo mahali ambapo mzazi na mtoto watafurahi pamoja. Wazo zuri sana. Lakini tuone alichokifanya: aliuchukua uwanja, akauzungushia ukuta, akaweka geti, akaanza kuuza siku.

Nasema kuuza siku kwa sababu ndiyo bidhaa yenyewe. Siku ya mtoto inahitaji vitu vitatu: tarehe, mahali, na mtu mzima mwenye nafasi ya kumshika mkono. Bustani ya kulipia inakuuzia tarehe na mahali kwa pamoja, mtu mzima unakuja naye mwenyewe.

Sisi tulipita njia nyingine. Tarehe tulipewa na dini na serikali: Idi, Krismasi, Sabasaba, na baadaye Nane Nane. Mahali palikuwa viwanja vya umma. Ndiyo maana kwa Mtanzania wa kawaida maonyesho ya Sabasaba pale Barabara ya Kilwa hayakuwa tu ya biashara. Ilikuwa siku ya mtoto kula aiskrimu, kupotea na kutangazwa kwenye spika, na kumwona simba ndani ya kizimba kwenye banda la maliasili. Nane Nane nayo ni vivyo hivyo. Mzazi anakwenda kuangalia mbegu na matrekta, mtoto anakwenda kuangalia ng'ombe wa maziwa na kubembea. Shida ni kwamba kwa kanda ya Nyanda za Juu Kusini viwanja vyenyewe viko Mbeya. Kutoka Mpanda ni zaidi ya kilomita 500. Huendi na kurudi na mtoto wa miaka minne kwa siku moja!

Baadaye soko likafunguliwa na mageti yakaja na kwetu. Kunduchi ikapata Wet 'n' Wild na mabomba yake ya kuteleza kwenye maji, Kigamboni ikapata Fun City. Siyapondi hata kidogo, watoto wanafurahi na wazazi wanapumzika. Lakini tusidanganyane, baba wa watoto wanne anayeishi kwa kibarua anapiga hesabu ya viingilio, nauli na chipsi, halafu anawaambia wanawe wataenda mwakani.

Sasa turudi Kawajense.

Mpanda haikuanza kama mji wa familia. Ilikua kwa sababu ya madini ya risasi. Baada ya Vita ya Pili ya Dunia kampuni ya Uruwira Minerals ilichimba hapo, na Waingereza wakajenga tawi la reli kutoka Kaliua hadi Mpanda, kilomita 210, ili mzigo utoke. Mji wa mgodi hupangwa kwa ajili ya mwanamume mwenye sururu. Mtoto hayumo kwenye ramani. Mgodi ukafungwa wakati nchi inaelekea Uhuru, reli ikabaki. Kwa hiyo kwa miaka mingi jambo kubwa ambalo mtoto wa Mpanda angeweza kupelekwa kuliona lilikuwa treni: kusimama stesheni, kusikia honi kwa mbali, kuona watu wanashuka na kuku, magunia na habari za Tabora.

Unacheka? Kumbuka kuwa Disneyland ilifunguliwa na treni ya mvuke inayoizunguka bustani, kwa sababu Walt Disney alizipenda treni kupita kiasi. Kule watu wanalipa kiingilio ili waione treni isiyokwenda popote. Mtoto wa Mpanda aliiona ya kweli, yenye safari.

Na si treni tu. Siku ile ya ufunguzi Disneyland ilikuwa pia na safari ya mashua kwenye mto wa kutengenezwa, na viboko wa mashine wanaoinua vichwa. Inasemekana Disney alitaka wanyama hai, akashauriwa kuwa wanyama hai mchana watalala au kujificha na wateja watalalamika. Akaweka wa bandia.

Kutoka Mpanda hadi Sitalike ni kama kilomita 35. Hapo ndipo makao makuu ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi, na hapo pembeni ya daraja la mto Katuma wapo viboko wa kweli, wengi, wamebanana kama abiria wa daladala za Mbagala. Nilipompeleka mpwa wangu aliangalia kwa muda mrefu bila kusema neno, halafu akauliza: "Mjomba, mbona wamelala?" Nikamwambia subiri. Tukasubiri. Mmoja akapiga mwayo, mtoto akanishika suruali kwa nguvu zote. Yale mashine ya California yanapiga mwayo kila baada ya dakika kadhaa, yamepangiwa. Huyu wetu alipiga alipojisikia.

Lakini sitaki niwauzie ndoto. Hifadhi ya Katavi ilitangazwa mwaka 1974 na leo ina kilomita za mraba 4,471. Jina lenyewe ni la Katabi, mzimu wa Wabende, ambaye watu walimpelekea sadaka chini ya mkwaju karibu na Ziwa Katavi. Maana yake ni kwamba kabla ya kuwa mahali pa watalii palikuwa mahali pa wenyeji, na palikuwa na siku zake. Kisha historia ikawasogeza watu mbali. Katika miaka ya 1920 na 1930 Waingereza waliwahamisha watu wengi wa magharibi mwa Tanganyika na kuwakusanya kwenye makazi maalum kwa sababu ya malale na mbung'o, na baadaye ikaja mipaka ya hifadhi. Matokeo yake wengi wanaoishi jirani na kiboko wanamjua kama mharibifu wa shamba la mpunga. Kumtazama kwa raha siku ya Jumapili tunaona ni mambo ya Wazungu. Kwenye hifadhi za taifa mtoto wa chini ya miaka 5 halipi kiingilio, na wazazi wangapi wa Mpanda wanalijua hilo?

Hata hivyo Sitalike ni safari ya mara moja kwa mwaka. Jumapili ya kawaida mtoto anahitaji mahali pa kwenda kwa miguu. Na hapa ndipo swali linapouma, kwa sababu Mpanda inakua. Tangu Katavi iwe mkoa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Rukwa, ofisi zimekuja, wafanyakazi wamekuja na viwanja vinapimwa. Kata kama Kawajense ziko kwenye hatua ambayo Dar ilipita zamani: hatua ya kuamua nini kinabaki wazi. Dar tumeona mwisho wake. Eneo lililoandikwa kwenye ramani kuwa la wazi, ukienda kuliangalia unakuta baa, gereji au nyumba ya mtu.

Majirani zetu Nairobi walikaribia kupoteza zaidi. Uhuru Park ilifunguliwa na Jomo Kenyatta mwaka 1969, ikawa mahali pa familia siku za sikukuu, watoto wakipanda boti na bembea. Mwaka 1989 watu wa serikali wakataka kujenga hapo jengo la ghorofa 60. Aliyesimama kupinga ni Wangari Maathai. Akatukanwa, akaambiwa hana adabu kwa wanaume, lakini jengo halikujengwa. Tunamkumbuka kwa miti na kwa Nobel ya 2004. Mimi namkumbuka pia kwa kila mtoto wa Nairobi aliyebembea hapo baadaye.

Kwetu sheria ipo. Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto mwaka 1991, na ibara yake ya 31 inataja haki ya kupumzika na kucheza. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inaitaja haki ya kucheza, pamoja na chakula, malazi na elimu. Ila isome vizuri kifungu cha 8: wajibu huo amebebeshwa mzazi au mlezi. Mzazi anaweza kununua mpira, anaweza kutenga Jumapili yake. Lakini mzazi mmoja hawezi kutengeneza uwanja. Uwanja unatengenezwa na ramani ya mipango miji, kikao cha madiwani, na wananchi wanaofuatilia kikao hicho kimeamua nini.

Kwa hiyo nikisikia vijana wenzangu wanasema Mpanda itaendelea siku ikipata bustani kama za Dar, nawaelewa, ila naona tunaanzia mwisho. Mashine za bembea zinaweza kuja wakati wowote, hata kwa lori, wiki moja kabla ya Idi. Ekari mbili za ardhi katikati ya nyumba za watu haziletwi kwa lori. Zikishajengwa, zimekwenda.

Mnazi Mmoja tulirithi kutoka kwa watu waliotaka kututenganisha, na bado watoto wetu walifurahi hapo. Je, sisi tunaopanga miji wenyewe, bila mkoloni, tutawaachia watoto wa Kawajense nini?