BENKI YA WAKULIMA WA MIT GHAMR: UBUNIFU SI UZUSHI



Ndugu zangu, kila nikizungumzia biashara swali hurudi: "Shekhe, haya mambo mapya si bid'a?" Bid'a tunayoikataza ni kuzusha ibada ambayo Mtume (s.a.w.) hakuileta. Ama katika miamala, wanachuoni wamesema asili yake ni halali mpaka ije dalili ya kuharamisha. Uwanja ni mpana. Tatizo letu tukisikia "ubunifu" tunawaza simu na mashine tu.

Hebu twende Misri, mwaka 1963.

Mit Ghamr ni mji wa delta ya mto Nile. Wakulima wa pale walikuwa na fedha, kidogo kidogo, lakini hawakuzipeleka benki. Benki ilikuwa ya matajiri, na benki ilikuwa ya riba. Basi fedha inalala nyumbani, na mwenye shida ya jembe au cherehani anaangukia kwa mkopeshaji.

Akaja Ahmad al-Najjar, mchumi aliyesoma Ujerumani Magharibi. Kule aliona benki ndogo za akiba, zinazokusanya senti za watu wa kawaida na kuzitumia palepale mjini kwao. Sasa angalia alichofanya. Benki hakuivumbua yeye. Mudharaba hakuivumbua yeye, Mtume wetu, kabla ya utume, alisafiri kwenda Sham na mali ya Bi Khadija (r.a.), mmoja ana mtaji, mwingine ana kazi, faida wanagawana. Al-Najjar alichukua umbo la Kijerumani, akang'oa riba, akapandikiza mudharaba mahali pake. Aliyeweka akiba hakupewa riba, lakini akihitaji mkopo mdogo wa kazi aliupata bila riba. Aliyetaka faida aliweka fedha yake kwenye uwekezaji, akakubali faida na hasara. Na ukawepo mfuko wa zaka kwa mafukara.

Kuna ubunifu wa kuleta bidhaa mpya, na upo wa kutengeneza bidhaa ileile kwa njia nafuu. Huu wa Mit Ghamr ni wa mkataba, yaani kupanga upya nani anabeba hatari na nani anapata nini. Hauonekani kwa macho, ndiyo maana tunaudharau. Tena uliwafikia watu ambao benki nyingine hazikuwaona kabisa kuwa ni wateja.

La kushangaza, hakuiita benki ya Kiislamu. Ilikuwa zama za Gamal Abdel Nasser, na jina hilo lingeleta balaa. Aliita benki ya akiba, basi. Siku hizi wapo wanaofanya kinyume: jina la Kiislamu limeandikwa mlangoni, ndani riba inapumua.

Mwaka huohuo wa 1963 Malaysia ilianzisha mfuko wa akiba ya Hija, kutokana na pendekezo alilolitoa mchumi Ungku Aziz mwaka 1959. Waislamu wa vijijini walikuwa wakiuza shamba na mifugo ili wahiji, kisha wanarudi mahujaji mafukara. Mfuko ukakusanya akiba zao na kuziwekeza. Leo unaitwa Tabung Haji, ni taasisi kubwa mno.

Mit Ghamr haikudumu. Mwaka 1967 mradi ulisimamishwa na benki zake zikaingizwa chini ya benki za riba. Lakini mwaka 1971 Misri ikaanzisha Nasser Social Bank, isiyo na riba. Mwaka 1975 ikafunguliwa Dubai Islamic Bank. Kwetu huku, Gulf African Bank ilianza kazi Kenya mwaka 2008, na Amana Bank Tanzania mwaka 2011.

Walioniuliza inboksi kuhusu murabaha, na kwa nini benki hizi zinaipenda kuliko mudharaba, hilo ni darasa la Ijumaa ijayo in shaa Allah. Njooni na maswali yenu, hasa nyinyi wenye maduka.