Watu wa Miwa na Wimbi la Hilo

Kutoka mji wa Hilo kwenda Hamakua, kaskazini mashariki mwa kisiwa cha Hawaii, zamani ilikuwa miwa mitupu. Wachina walitangulia kuletwa visiwani humo kwa mkataba mwaka 1852. Wakafuata Wareno wa Madeira na Azores mwaka 1878, Wajapani kwa wingi tangu 1885, kisha watu wa Puerto Rico, Wakorea, na kuanzia 1906 Wafilipino. Kila taifa liliwekwa kambi yake. Manamba alipewa kipande cha chuma chenye namba, na kwa namba hiyo ndiyo alilipwa na kukopeshwa katika duka la kampuni. Nyapara alipita juu ya farasi.

Wenye mashamba walitaka watu hao wabaki mbalimbali, lakini njaa ya mchana iliwashinda. Chakula cha shambani kilibebwa katika mkebe wa ngazi mbili, wali chini na kitoweo juu. Wafanyakazi walipoketi kula, Mjapani alionja cha Mfilipino, na Mreno alionja cha Mkorea. Watoto wao wakakua na lugha moja ya mchanganyiko, wakaenda shule moja.

Katika pwani hiyo, shule ya Laupahoehoe ilikuwa chini kabisa, kwenye rasi ya mawe meusi iliyoingia baharini, na watoto wa kambi za juu waliteremka kila asubuhi. Tarehe 1 Aprili 1946, tetemeko lilipiga karibu na kisiwa cha Unimak, Alaska. Mawimbi yalifika Hawaii kabla ya saa tano kupita, na hakuna aliyewaonya watu. Mnamo saa moja asubuhi maji yalikupwa, yakaacha miamba na samaki wakirukaruka mahali pakavu. Kwa kuwa ilikuwa siku ya wajinga, wengine walidhani wanataniwa. Watoto walikimbia kwenda kutazama. Maji yakarudi, yakapwa tena, kisha likaja lile kubwa. Watu 24 walikufa hapo, wanafunzi na walimu wao. Mwalimu mmoja alielea baharini kwa saa nyingi akishikilia mbao kabla ya kuokolewa. Hilo walikufa 96, na visiwani kote 159. Reli iliyobeba sukari ilivunjwavunjwa na haikujengwa tena.

Septemba ya mwaka huohuo, wafanyakazi wapatao 26,000 wa mashamba ya miwa waligoma siku 79, wa mataifa yote pamoja, wakashinda. Kwangu mimi historia ya ufuo ule haijakamilika mtu akisimulia wimbi akaacha mgomo, maana waliozika wanao ndio hao waliosimama pamoja.

Mwaka 1949 kituo cha kutoa tahadhari kilianzishwa. Mawimbi ya 1952 na 1957 hayakuua mtu Hawaii, na hapo hatari mpya ikazaliwa: watu waliizoea tahadhari. Tarehe 22 Mei 1960 Chile ilipigwa na tetemeko la kipimo cha 9.5, kubwa kuliko yote yaliyowahi kupimwa. Hilo ilikuwa na saa kumi na tano za kujiandaa. Ving'ora vililia mnamo saa mbili na nusu usiku, lakini wengi walibaki nyumbani, na wengine wakaenda darajani kutazama. Mawimbi mawili ya kwanza yalikuwa ya wastani, baadhi ya waliokimbia wakarudi. La tatu lilipiga saa saba na dakika nne usiku. Saa ya mtaa wa Waiakea ilisimama hapo. Walikufa 61. Mtaa wa Shinmachi, uliojengwa upya baada ya 1946, leo ni bustani.

Kampuni ya sukari ya Hamakua ilifunga mwaka 1994. Mwaka huohuo Jeanne Branch Johnston, aliyenusurika 1946, na mwanasayansi Walter Dudley walianzisha Hilo makumbusho ya tsunami, na kazi yake kubwa ni kurekodi masimulizi ya wazee.

Nasi wa mwambao wa Afrika Mashariki tumeguswa: mawimbi ya tetemeko la Sumatra yalifika Somalia, Kenya na Tanzania tarehe 26 Desemba 2004, wakati Bahari ya Hindi haikuwa na mfumo wa tahadhari. Basi msomaji, ukiona bahari inakupwa si kwa wakati wake, usishuke kuokota samaki. Chukua watoto, panda juu, na wimbi la kwanza likipita usirudi.